Sahani za Kale za Urithi: Ya Kujua Kabla ya Kuuza

Nyumba nyingi za zamani katika Kaunti ya Lamu, kuanzia mtaa wa Mkomani mjini hadi Pate, Siyu na Faza, bado zina vyombo vya kulia ambavyo hakuna aliye hai anayekumbuka vilinunuliwa lini. Vingine vimepangwa kwenye zidaka, vingine vimetundikwa ukutani kwa waya, na vingine vimo sandukuni, vimefungwa kwa leso kuukuu. Mwenye navyo anapofariki, ndipo warithi huvitoa na kujiuliza wavifanye nini. Wakati mwingine jibu huja na mtu anayebisha hodi: mnunuzi mwenye pesa taslimu ambaye hataki kitanda wala kabati. Anataka zile sahani tu, na anazitaka leo.

Kuuza chombo cha urithi si kosa. Kinacholeta taabu ni haraka. Sahani ikishavuka mlango ni vigumu kuirudisha, na mara nyingi mambo matatu huwa hayajaulizwa: ni mali ya nani, ni ya miaka gani, na inaruhusiwa kuuzwa kwa nani. Bei ni swali la nne, ingawa aghalabu ndilo hutangulizwa.

Ni mali ya nani?

Katika desturi za mwambao, vyombo vya ndani mara nyingi vilikuwa mali ya mwanamke. Aliletewa na wazazi wake alipoolewa, au alivinunua kidogo kidogo kwa pesa zake mwenyewe. Kwa hiyo warithi wasikimbilie kusema "ni sahani za babu" kwa sababu tu zimo katika nyumba ya babu. Waulizwe mabibi na mashangazi walio hai. Ikiwa zilikuwa za bibi, basi wanaozirithi ni warithi wa bibi, na hesabu hubadilika. Na ikiwa bibi alifariki miaka thelathini iliyopita na mali yake haikugawanywa, wenye haki huenda sasa ni wengi kuliko wale wanaoishi katika nyumba hiyo.

Kwa familia za Kiislamu, mali hugawanywa kwa sharia baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia kutolewa. Mahakama ya Kadhi husikiliza mambo ya mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake. Sahani moja haigawanyiki mafungu manane, kwa hiyo njia iliyo rahisi ni ama mrithi mmoja kuichukua ikahesabiwa katika fungu lake, ama kuuza na kugawana pesa. Tuseme vyombo vya marehemu baba vimeuzwa Sh48,000, naye ameacha mke, mwana wa kiume mmoja na mabinti wawili. Mke anachukua thumni, yaani Sh6,000. Zilizobaki, Sh42,000, mwana wa kiume anapata Sh21,000 na kila binti Sh10,500. Hesabu ni fupi, lakini haiwezi kufanywa ikiwa hakuna anayejua sahani ziliuzwa kwa kiasi gani.

Kwa asiye Mwislamu aliyefariki bila wosia, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inampa mume au mke aliyebaki vyombo vyote vya matumizi na mapambo ya nyumbani viwe vyake moja kwa moja. Watoto hawana ruhusa ya kuingia jikoni kwa mama mjane na kuanza kuhesabu sahani. Ikiwa hakuna mume wala mke aliyebaki, watoto hugawana sawa, wa kike kwa wa kiume.

Sheria hiyo hiyo inakataza mtu yeyote kuuza au kugawa mali ya marehemu kabla ya kupata mamlaka yanayotakiwa. Adhabu ni faini isiyozidi Sh10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini yenyewe si kubwa. Linalouma zaidi ni kwamba aliyeuza hudaiwa na warithi wenzake thamani ya kile alichokitoa, hata kama yeye alikiuza kwa bei ya kutupa.

Kuisoma sahani

Baada ya kujua ni ya nani, sahani igeuzwe. Habari nyingi ziko chini, kwenye kitako, si usoni penye maua.

Jambo la kwanza ni kujua imetengenezwa kwa nini. Vyombo vya kale vilivyomo majumbani ni vya aina kuu mbili. Kuna kauri ya kweli, ambayo ni ngumu na nyeupe hadi ndani, na kuna udongo uliochomwa na kupakwa tabaka la juu linalong'aa kama kioo. Kuvitofautisha si vigumu. Chumba kitiwe giza, tochi ya simu iwashwe nyuma ya sahani, na vidole viwekwe kati ya tochi na sahani. Kwenye kauri nyembamba kivuli cha vidole kitaonekana. Kwenye udongo hakionekani kabisa. Palipobanduka kidogo ukingoni, kauri huonyesha mvunjiko mweupe na laini kama kioo, ilhali udongo huonyesha chembe kavu, mara nyingi za rangi ya maziwa au hudhurungi, na hufyonza maji ukiulowesha. Kisha sahani ishikwe kwa vidole vitatu na kugongwa polepole kwa kifundo cha kidole. Nzima hulia. Yenye ufa hutoa sauti ya kufa hata kama ufa wenyewe hauonekani kwa macho.

Kauri za Kichina zilifika pwani hii karne nyingi kabla ya meli za Wareno. Ndiyo maana mabakuli yake yaonekana yamepachikwa kwenye nguzo za makaburi ya kale na kwenye vibla vya misikiti. Za zamani huwa na michoro ya buluu iliyopakwa kwa brashi chini ya tabaka la kioo. Pete ya kitako, pale sahani inapokalia, huwa haikupakwa kitu, na mara nyingine chembe za mchanga wa tanuri zimeganda hapo. Lakini maandishi ya Kichina chini ya sahani si ushahidi wa umri. Wafinyanzi wa China walikuwa na mazoea ya kuandika jina la mfalme wa zamani kwenye vyombo vipya, kwa heshima au kwa biashara, na mazoea hayo yanaendelea hadi leo.

Sahani nyingi zaidi zilizobaki Lamu, hata hivyo, si za China. Ni za viwanda vya Ulaya vya karne ya 19 na ya 20, na hapa wengi huvunjika moyo bure. Miji ya Staffordshire nchini Uingereza ilitoa vyombo vya udongo vyenye picha zilizochapishwa kwa karatasi, na ukitazama vizuri utaona mahali ambapo ncha mbili za karatasi hazikukutana sawasawa. Mji wa Maastricht nchini Uholanzi ulikuwa na kiwanda cha Petrus Regout, kilichoanza kufinyanga mwaka 1836, na baadaye kikaja kiwanda cha Société Céramique. Mabakuli yao yenye mistari ya rangi na maua mekundu, ya kijani na ya buluu yalipambwa kwa kipande cha sponji kilichochongwa, kikachovywa rangi na kugongwa kama muhuri. Yaliuzwa kwa wingi nje ya Ulaya, pamoja na mwambao huu. Yalikuwa ya bei nafuu, yalishika wali na mchuzi vizuri, na yalipendeza kidakani. Alama ya Regout aghalabu ina mnyama wa sphinx aliyelala, mwenye kichwa cha binadamu na mwili wa simba. Nyingi ya sahani hizi zina vidoa vitatu vidogo chini, palipokaa visimamio vya tanuri. Watu hudhani ni dosari. Si dosari, ni ishara ya kazi ya kiwandani.

Muhuri ndio unaotoa miaka, mradi usomwe kwa tahadhari. Sheria ya ushuru ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 1891 ililazimisha bidhaa zinazoingia huko kuandikwa jina la nchi zilikotoka, na viwanda vingi vikaanza kuandika nchi kwenye vyombo vyote. Kwa hiyo sahani yenye neno "England" kwa kawaida ni ya 1891 au baadaye, na yenye "Made in England" mara nyingi ni ya karne ya 20. Vyombo vya Japani viliandikwa "Nippon" hadi mwaka 1921, kisha "Japan". Seti nyingi za chai ambazo akina bibi huziita za kale sana ni za kundi hili la pili. "West Germany" haiwezi kuwa kabla ya 1949, kwa kuwa nchi hiyo haikuwapo. Herufi "Rd No" zikifuatwa na tarakimu ni namba ya usajili wa mchoro nchini Uingereza: namba 1 ilitolewa mwaka 1884, na kufikia 1900 namba zilikuwa zimepita 300,000. Kabla ya hapo, kati ya 1842 na 1883, ilitumiwa alama yenye umbo la almasi.

Mwaka uliochapishwa chini ya sahani, kwa mfano 1790, karibu daima ni mwaka kiwanda kilipoanzishwa. Na sahani inayosema inafaa kwa mashine ya kuoshea vyombo au kwa maikrowevu si ya bibi mzaa bibi, hata kama aliyeileta anaapa.

Mstari wa mwaka 1895

Hapa ndipo umri wa sahani unapogusa sheria. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya, au kilichoingizwa Kenya, kabla ya mwaka 1895. Ni mwaka ule ambao Uingereza ilitangaza himaya yake katika nchi hii. Maneno "kilichoingizwa Kenya" ni muhimu. Sahani ya Maastricht iliyoletwa Lamu kwa jahazi mwaka 1880 ni kitu cha kale kama bakuli la Kichina lilivyo, na haiponi kwa kuwa ilitoka Ulaya.

Mtu anaweza kumiliki kitu hicho na kukirithisha wanawe. Hakuna atakayekuja kukinyang'anya kidakani. Lakini kukifanyia biashara kunahitaji leseni, na kukitoa nje ya Kenya kunahitaji kibali. Mgeni anayeinunua sahani ya namna hiyo na kuitia ndani ya begi anaweza kuzuiwa uwanja wa ndege, na swali litakalofuata ni nani aliyemuuzia.

Kinachofuata hapo kinashangaza kidogo. Warithi wengi hutumaini kwamba sahani yao itathibitika kuwa ya zamani sana, na husikitika wakiona "Made in England". Wangepaswa kushusha pumzi. Muhuri wa aina hiyo kwa kawaida huonyesha kwamba chombo ni cha baada ya mstari wa 1895, na kwamba kinaweza kuuzwa kama kiti au redio ya mitumba. Sahani isiyo na muhuri wowote, yenye kitako kikavu na michoro ya mkono, ndiyo ya kufungwa tena katika leso na kupelekwa kwanza Makavazi ya Lamu, yaliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ili itazamwe na wanaojua. Hakuna haja ya kuacha chombo huko. Picha za mbele, nyuma na ukingo zinatosha kuanzia mazungumzo.

Haya yote yanahusu vyombo vilivyotoka nyumbani. Vilivyotoka ardhini ni habari nyingine. Vigae na mabakuli yanayookotwa Shanga, Takwa, Manda au ufuoni baada ya mawimbi makubwa si urithi wa aliyeyaokota. Yanapaswa kuachwa mahali pake na Makavazi kuarifiwa. Ni hivyo pia kwa bakuli lililobandikwa katika kaburi au msikiti wa kale, hata kama kaburi hilo ni la ukoo wa anayetaka kulitoa. Bakuli likibanduliwa huacha shimo, na shimo hilo halizibiki kwa pesa zozote.

Bei na mnunuzi

Vyombo vingi vya viwandani vya Ulaya havina bei kubwa huko kwenyewe, kwa sababu vilitengenezwa kwa mamilioni. Anayetafuta bei kwenye simu asitazame wanachoomba wauzaji; atazame zile ambazo tayari zimeuzwa. Tofauti ni kubwa, na anayeomba dola mia tano kwa sahani moja huenda amekaa nayo miaka mitano. Gharama ya kusafirisha sahani nzito hadi ng'ambo inaweza kuzidi bei ya sahani yenyewe.

Hapa nyumbani hesabu ni tofauti. Nyumba za wageni na nyumba za kale zinazokarabatiwa mjini Lamu na Shela hutafuta vyombo vilivyokaa katika nyumba za Lamu kweli. Mnunuzi wa namna hii analipia habari pamoja na udongo. Picha ya sahani ikiwa bado kidakani, jina la mtaa, na maelezo mafupi kuwa ilikuwa ya nani na aliipata vipi huongeza thamani kuliko kuing'arisha. Kwa hiyo picha zipigwe kabla ya kitu chochote kuondolewa mahali pake.

Seti isivunjwe mapema. Mnunuzi mjanja huchagua kombe kubwa na buli lenye kifuniko, akaacha visahani kumi visivyo na vikombe, ambavyo baada ya hapo hakuna anayevitaka. Ni afadhali bei itajwe ya vyote, kisha wazungumze. Tena isiuzwe kwa mtu wa kwanza. Wanunuzi wawili au watatu waonyeshwe kwa siku tofauti, na anayesema bei yake itakufa jioni hiyo aachwe aende nayo.

Kuosha nako kuna miiko. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini vinatosha. Dawa ya kung'arisha nguo, steelwool na unga wa kusugulia huondoa dhahabu ya ukingoni na rangi zilizopakwa juu, na hazirudi. Chombo chenye mipasuko myembamba kama utando wa buibui kisilowekwe, maana maji machafu huingia ndani na kuacha madoa ya kahawia. Kilichovunjika kisigundishwe kwa gundi ya haraka. Vipande vyote viwekwe pamoja katika mfuko mmoja, na mnunuzi aambiwe.

Mnunuzi aambiwe pia jambo jingine: rangi na tabaka la kioo la vyombo vya kale huenda vina madini ya risasi. Vyakula vyenye ukali, kama achari, ndimu, ukwaju na nyanya, huyatoa madini hayo yakaingia tumboni, na wanaodhurika zaidi ni watoto na wajawazito. Sahani ya kale inafaa ukutani kuliko mezani, na hilo lafaa kukumbukwa hata na familia isiyokusudia kuuza, hasa wakati wa Idi, vyombo vya bibi vinapoteremshwa ili wageni wapate kuvitumia.

Siku ya kuuza, karatasi iandikwe hata kama mnunuzi ni jirani. Itaje tarehe, majina na namba za vitambulisho vya pande zote, idadi ya vyombo, alama zilizo kwenye vitako kama zilivyo, nyufa zilizopo, na bei. Warithi wote waliokubali watie sahihi. Malipo ya M-Pesa ni mazuri kwa kuwa yanaacha kumbukumbu ambayo warithi wengine wanaweza kuonyeshwa. Lakini muuzaji atazame salio lake kwanza, asiamini ujumbe pekee, kwa sababu ujumbe bandia ni rahisi kutengeneza.

Ikiwa vyombo vinasafirishwa, na hasa vikipitia boti ya kwenda Mokowe, kila kimoja kifungwe peke yake kwa gazeti au kitambaa. Sahani zisimamishwe wima katoni, kama vitabu rafuni, zisilazwe moja juu ya nyingine. Zikilazwa, ya chini hubeba uzito wa zote kila boti inapopiga wimbi. Vifuniko vya mabuli vitolewe na kufungwa mbali. Nafasi iliyobaki ijazwe kwa nguo mpaka katoni ikitikiswa isitoe sauti.